The African Queen: boksi la ukumbusho, Blu-ray ya kawaida au DVD ya mtumba? Kipi kinatufaa sisi wa Kigoma

Mwana wa Kibirizi

Wadau wa sinema za kale, habari zenu. Naomba tulichambue hili bila haraka, maana pesa yenyewe si ya kuokota. Sisi wachache hapa mjini tumekubaliana kuchanga tununue nakala halali ya The African Queen, ile ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston, waigizaji wakuu Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kwa asiyejua kwa nini watu wa Kigoma tunaing'ang'ania: meli ya Kijerumani inayowindwa humo, Louisa, chimbuko lake ni Graf von Götzen, na Graf von Götzen ndiyo hii Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. C. S. Forester alitoa riwaya yake mwaka 1935, wakati huo Liemba ilishakuwa inafanya safari ziwani kwa jina hilo jipya tangu 1927.

Basi machaguo yako hivi.

Kuna boksi la ukumbusho lililotolewa na Paramount kule Marekani mwaka 2010, filamu iliposafishwa upya. Kabla ya hapo Wamarekani wenyewe hawakuwa na DVD rasmi ya filamu hii, kwa hiyo mashabiki walilisubiri kwa hamu kubwa. Nimelishika kwa mikono yangu kwa rafiki aliyeko Dar es Salaam. Ndani kuna diski ya filamu, CD ya mchezo wa redio wa mwaka 1952 ambamo Bogart anaigiza na Greer Garson badala ya Hepburn, postikadi, nakala ya kipande cha filamu, na kitabu alichoandika Hepburn mwenyewe mwaka 1987 kuhusu safari yake ya kuja Afrika kupiga filamu hiyo. Kitabu ndicho kilichoniteka. Nilisoma kurasa za mwanzo nikiwa nimesimama, nikasahau kwamba nimekuja kusalimia.

Halafu kuna Blu-ray ya kawaida, kava la plastiki tu. Picha ni ile ile iliyosafishwa, bei ni ndogo zaidi, na zipo za Marekani na za Uingereza. Kuna DVD za Ulaya za kabla ya usafishaji, hizo zinapatikana mtumba kwa bei ya chini kabisa. Na tuseme ukweli, lipo pia faili la kuingiziwa kwenye flashi hapo stendi, ambalo halifiki hata bei ya migebuka miwili.

Moyo wangu uko kwenye boksi. Nipeni sababu za kuendelea au za kuacha.

Fundi Gungu

Mkuu, kabla hamjachanga hata mia, semeni kwanza mna deki gani. Huku kwenye diski dunia imekatwa vipande. Kwa DVD, sisi Tanzania tuko kanda namba 5, Marekani ni 1, Uingereza ni 2. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, na Afrika tumewekwa pamoja na Ulaya kwenye B. Ukiwa na diski iliyofungiwa A na deki ya B, kioo kitakuandikia kwamba diski hii haichezeki, na hapo umeshalipa.

Deki za bei nafuu za DVD nyingi zinafunguka kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, kazi ya dakika mbili. Blu-ray ni mbishi, nyingi hazifunguki bila kubadilishiwa programu au kifaa ndani. Na wale wenye PlayStation msijidanganye: gemu zinacheza za popote, lakini filamu za Blu-ray zinafuata kanda.

Zipo diski zilizoachwa wazi, zinacheza kote. Kwa hiyo geuzeni kava mtazame mgongoni. Kama ni Blu-ray tafuteni herufi A, B au C, kama ni DVD tafuteni kidude cha umbo la dunia chenye namba katikati. Muuzaji asiyetaka kupiga picha mgongo wa kava, achaneni naye.

Binti Ujiji

Mimi nitawatetea wa flashi, msinikasirikie. Nyumbani tuna projekta ndogo, Jumamosi tunatandika shuka jeupe ukutani, wanakaa mama, shangazi, watoto wa jirani. Hakuna anayeuliza kanda wala kava. Wanauliza: wanasema nini hao?

Na hapo ndipo shida ya filamu hii. Ya mapigano unaweza kuifuata kwa macho. Lakini hii ni watu wawili ndani ya boti saa nzima na zaidi, mwanamke wa misheni na mwanamume mlevi, wanagombana, wanapatana, wanapendana. Utamu wote uko mdomoni. Nimetazama orodha za lugha kwenye matoleo mnayoyataja, Kiswahili hakipo hata kwenye moja. Wale wanaotafsiri muvi kwa sauti ya juu nao hawaigusi, kwao haina vurugu ya kutosha. Kwenye faili angalau naweza kuandika maandishi ya chini kwa Kiswahili mwenyewe nikayapachika. Kwenye diski siwezi. Boksi lenu litanisaidia nini?

Mzee wa Mwanga

Binti, hoja yako ya lugha naikubali yote. Lakini hilo faili la stendi ulishalitazama likiwa ukutani pale wanapopita kwenye matete? Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu sinema nimeipenda tangu enzi za mikanda na hili la rangi watu wengi hawalijui.

Filamu hii ilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu. Ndani ya kamera moja kulikuwa na kioo cha kugawa mwanga, na mikanda mitatu ikizunguka kwa wakati mmoja, kila mmoja ukichukua sehemu yake ya rangi: nyekundu, kijani, buluu. Kamera ilikuwa dude kubwa na zito, na ilihitaji mwanga mwingi mno. Mpiga picha wake, Jack Cardiff, aliingia na dude hilo kwenye Mto Ruiki kule Congo ya Wabelgiji, halafu Uganda, kabla ya kumalizia kazi studio Uingereza. Anayelifahamu joto la mto wa msituni atajua walichokuwa wanakifanya.

Sasa mikanda ikishakaa miaka hamsini, sitini, inasinyaa, na haisinyai sawasawa. Ukiipanga tena mmoja juu ya mwingine, kingo hazikutani. Ndiyo maana kwenye nakala za zamani unaona mtu ana uzi mwekundu upande mmoja wa bega na wa kijani upande wa pili, sura imetepeta, na gauni jeupe la Hepburn limekuwa la rangi ya waridi. Kwenye usafishaji walirudi kwenye mikanda yenyewe mitatu, wakaiingiza kwenye kompyuta mmoja mmoja, wakailinganisha picha kwa picha. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia. Kasha ni karatasi.

Chukua pale boti inapokwama kwenye matete na Bogart anashuka majini kuivuta kwa kamba. Kwenye DVD ya zamani matete yale ni ukuta wa kijani, huoni kitu. Kwenye nakala iliyosafishwa unaona unyasi mmoja mmoja, unaona matone kwenye kidevu cha Bogart chenye ndevu za siku kadhaa, na anapopanda akakuta ruba mgongoni, ngozi yake inasisimka mbele ya macho yako. Ruba wenyewe walikuwa wa mpira na kipande hicho kilipigwa studio, lakini uso wa yule bwana unakuaminisha. Kwa jukumu hili ndipo alipopata Oscar yake ya pekee.

Nitasema na upande wa pili, ili msije mkasema sikuwaambia. Picha ikiwa safi, viraka navyo vinaonekana. Pale wanapokaa boti na nyuma yao mto unapita, utaona wazi kwamba mto ule ni picha iliyorushwa kwenye pazia na wao wako studio. Kwenye maporomoko, zile picha za mbali ni boti ndogo ya kuigiza. Kwenye DVD ukungu ulikuwa unaficha hayo. Mimi napenda kuyaona, naona mikono ya mafundi. Wapo watakaochukia.

Fundi Gungu

Shikamoo Mzee. Naongezea moja kuhusu DVD za Ulaya. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde, DVD za Ulaya zinakimbiza 25. Dakika 105 zinakuwa 101 hivi, na sauti inapanda kidogo. Bogart anasikika mwembamba kuliko alivyo. Blu-ray inakwenda kwa mwendo wake halisi. Kwangu mimi hapo DVD imeshatoka kwenye mchuano.

Na msishangae picha kutojaza kioo. Filamu za enzi hiyo zina umbo la kukaribia mraba, lazima kuwe na weusi kushoto na kulia. Msibonyeze kile kitufe cha kutanua, mtawanenepesha watu wote.

Mzee wa Mwanga

Marahaba. Hapo umesema.

Mwalimu wa Kasulu

Nimesoma yote na nina neno zito kidogo. Sina ugomvi na rangi. Nina ugomvi na kulipa mara tatu kwa ajili ya postikadi za filamu ambayo sisi wenye nchi tumefanywa mandhari.

Inaanza kwa maandishi kwamba hapa ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914. Kijiji kinaitwa Kung Du. Nani amewahi kusikia jina kama hilo kutoka Kibondo hadi Songea? Wanakijiji wanaimba wimbo wa kanisa wasiouelewa, kamera inawacheka, kisha nyumba zao zinachomwa na hatuwaoni tena. Hakuna hata mmoja mwenye jina tunalolikumbuka. Mto wanaoteremka ni Ulanga, na Ulanga halisi uko Morogoro, maji yake yanakwenda Rufiji na Bahari ya Hindi. Mto mkubwa unaoingia ziwa letu ni Malagarasi, kila mtoto wa darasa la nne hapa anaujua.

Na mwisho wake! Kwenye filamu Louisa inazamishwa na boti bovu lenye mabomu ya kienyeji. Historia yenyewe ni nzito kuliko hiyo. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ikashushwa majini Februari 1915. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakavusha boti mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou kutoka Afrika Kusini kupitia Congo, milimani na porini, na siku ya pili baada ya Krismasi ya 1915 wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani, halafu Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipoona mji unawaponyoka, na mafundi walipaka mitambo grisi nene wakitegemea kurudi kuichukua. Waingereza waliiibua mwaka 1924. Grisi ile ndiyo iliyotuachia meli.

Sasa niambieni, ndani ya boksi hilo lenye vikolombwezo vyote, yuko wapi mvuvi wa Kigoma? Kuna ile filamu ya maelezo ya saa moja, Embracing Chaos, kuhusu utengenezaji. Nimeitazama. Ni nzuri kwa habari za Hollywood: Huston, mtayarishaji Spiegel, magonjwa, wiski. Ziwa Tanganyika limepita kama jina tu.

Mwana wa Kibirizi

Mwalimu, umenigusa mahali. Hiyo siku ya pili baada ya Krismasi ni tarehe 26 Desemba?

Mwalimu wa Kasulu

Ndiyo, tarehe 26. Niliandika kwa harakaharaka, nilimaanisha siku inayofuata Krismasi.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Habari za huko mwisho wa reli. Niko Tabora, vita hiyo ilitufikia sisi Septemba 1916 Wabelgiji walipoingia mjini, kwa hiyo nayo ni yetu.

Mimi ninayo ya Uingereza, ile ya kampuni ya Eureka kwenye mfululizo wao wa Masters of Cinema. Niliipata kwa ndugu aliyekuwa anakuja likizo, ikakaa kwenye begi kati ya nguo. Deki yangu ni ya kanda B, imecheza bila shida yoyote. Picha ni ya usafishaji ule ule anaoueleza Mzee. Kitu ambacho nisingekibadilisha na postikadi ni maelezo ya sauti ya Jack Cardiff. Unaitazama filamu tangu mwanzo na yeye yuko sikioni anakusimulia. Mzee yule alifariki mwaka 2009, sauti yake imebaki humo.

Kwa Mwalimu: nakubaliana nawe kuhusu Kung Du. Ila mimi naitazama filamu kwa ajili ya wale wawili. Kuna pale Rosie, yule mwanamke wa misheni anayeigizwa na Hepburn, anapomaliza maporomoko ya kwanza, ameloa, ameogopa, halafu uso unafunguka na anakiri kwamba hajawahi kupata raha ya mwili kama ile. Mwanamke aliyepiga kinanda cha kanisa miaka kumi! Hilo halina Mzungu wala Mwafrika, ni mtu kajikuta yuko hai.

Binti Ujiji

Hapo kwa Rosie shangazi yangu alipiga vigelegele, na alikuwa hajaelewa neno hata moja la Kiingereza. Nilimtafsiria baadaye akasema, niliona.

Mzee wa Mwanga, nimerudi kutazama faili langu baada ya kusoma ulichoandika. Kwenye matete ni vijumba vijumba vya kijani vinavyorukaruka, na maji hayaonekani kama maji. Nimekubali. Lakini bado nataka jibu la lugha.

Mzee wa Mwanga

Jibu ninalo, la kizamani. Andika tafsiri yako kwenye daftari, tukio kwa tukio, ukae na rimoti. Enzi za mikanda tulifanya hivyo, mmoja wetu anasoma na wengine wanatazama, na penye maneno mengi unasimamisha. Filamu ya watu wawili inafaa sana kwa hilo. Mimi nitasoma Bogart ukitaka.

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Na kuhusu kitabu cha Hepburn ambacho Mwana wa Kibirizi kimemteka: kinauzwa peke yake, hakikuzaliwa ndani ya boksi. Mtumba wake unapatikana. Ni kitabu chepesi kusoma na kina mambo ambayo diski haina. Humo anaeleza jinsi alivyokuwa anaiigiza Rosie kwa uso uliokunjamana, mpaka Huston akamjia na kumwambia amuigize kama Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa Rais wa Marekani, anapokwenda kuwatazama askari waliojeruhiwa, na tabasamu lake la adabu. Anasema hajapata maelekezo bora kuliko hayo. Ukishalisoma hilo unairudia filamu na kila tabasamu la Rosie linabadilika.

Boksi kwa anayekusanya ni kitu kizuri, simkatazi mtu. Kwa anayetaka kutazama na kuelewa, Blu-ray moja ya Uingereza na kitabu kimoja cha mtumba vinampeleka mbali zaidi.

Katubuka 1

Msisahau gharama za njiani. Mzigo wa posta kutoka nje una VAT ya asilimia 18 na ushuru juu yake, na boksi ni zito kuliko diski. Halafu Dar hadi Kigoma kwa basi, boksi la karatasi ngumu linafika pembe zimebonyea. Mkusanyaji ananunua pembe zilizonyooka, sasa si hasara?

Mwana wa Kibirizi

Nawashukuru wote, kweli mmenifungua. Nimekaa na wenzangu jioni hii tukayapima.

Boksi tumeliacha. Sababu iliyotuangusha ni mbili: ile ya Fundi kuhusu herufi A, na ile ya Mwalimu. Nilipotaka kuchangisha watu wa Kibirizi kwa ajili ya postikadi za Hollywood nilikosa la kusema. DVD tumeiacha kwa ajili ya mwendo na rangi. Tunachukua Blu-ray ya Uingereza, na kitabu cha Hepburn nitanunua kwa pesa yangu mwenyewe, hicho siwezi kukiacha.

Kuna boti moja zaidi niliyotaka kuitaja. Ile African Queen yenyewe, boti la mvuke lililojengwa Uingereza mwaka 1912 kwa jina la Livingstone, leo iko Key Largo, Florida, inatembeza watalii, na watu wanapanga foleni kupiga nayo picha. Boti la kwenye sinema limetunzwa hivyo. Götzen ya kweli iliyomtangulia Louisa ni ya kwetu, na sijaona toleo lolote la filamu hii lililoweka hata nusu saa kuihusu. Kama kuna mtu anayesoma hapa anafanya kazi na hizo kampuni za kutoa matoleo mapya, wazee waliofanya kazi Liemba bado wapo hapa mjini, waje na kamera. Toleo hilo nitalinunua na boksi lake na pembe zake.

Mwalimu, ombi kwako: kabla hatujawasha, utupe nusu saa ya hiyo habari ya masanduku na grisi. Tutatazamia nyumbani, watu wetu tu, maana kuonyesha hadharani ni habari nyingine ya kibali cha Bodi ya Filamu na mwenye haki.

Mwalimu wa Kasulu

Nitakuja. Nitaleta na ramani, Ulanga waione iko wapi.

Binti Ujiji

Daftari nimeanza jana. Projekta yangu haina nafasi ya diski, nani ana deki ya kanda B ya kuazima?

Fundi Gungu

Ninayo dada, iko mezani. Njoo na waya wa HDMI mrefu, wangu hauvuki meza.